Walionipandia Kunde

Habari za kifo changu nilizipata Mkata, shambani kwangu mwenyewe, na zilizonipa ni kunde.

Nilikuwa nimesimama pembeni mwa shamba, mkono kiunoni, kama wanavyosimama watu waliotoka kupasuliwa tumbo, nikingoja pumzi inirudie. Masika yalikuwa yamekolea. Shamba lile nimelirithi kwa mama, na tangu liwe langu nimekuwa nikipanda muhogo, kwa kuwa ndilo zao linalomvumilia mtu anayeandika makala badala ya kulima. Muhogo haukuulizi ulikuwa wapi. Unaukuta pale pale ulipouacha. Siku hiyo sikukuta muhogo. Nilikuta kunde mwanzo wa shamba hadi mwisho, zimetambaa vizuri, zimeanza kutoa maua.

"Mama Shani," nikamwita jirani anayenilimia, "nani amekwambia upande kunde?"

Mama Shani akainama, akang'oa jani ambalo halikuwa na kosa lolote. "Mjomba wako. Alisema safari hii tukupandie kitu cha karibu."

"Cha karibu na nini?"

"Kinachowahi, dada. Kunde hazichukui muda. Muhogo..." Akalitazama lile jani. "Muhogo una safari ndefu."

Nikamgeukia mume wangu, Baba Salma, mwalimu wa hesabu, mtu ambaye kwa miaka yote ya ndoa yetu hajawahi kukosa jibu. Alikuwa anaangalia viatu vyake.

Hapo nikaelewa kwamba mimi ni marehemu, na kwamba wote walishaarifiwa isipokuwa mimi.

Naandika haya kwa ajili yako uliyekaa kwenye benchi la hospitali na ini lako ndiyo habari ya mjini. Naandika pia kwa ajili ya ndugu yako, yule aliyetoka kidogo kukununulia maji, maana yeye ndiye watakayekwenda kuzungumza naye.

Kwangu ugonjwa ulianza vuli, kwa namna ya kijinga. Nilikula nusu sahani ya ubwabwa nikashiba kama niliyekula karamu. Nikafurahi. Nilikuwa na unene wa mwanamke wa makamo anayefanya kazi akiwa amekaa, nikadhani hatimaye nimepata nidhamu. Nilijisifu kwa majirani hapa Korogwe, na wakati najisifu kanga ilikuwa inakwenda mzunguko wa ziada kiunoni huku tumbo upande wa kulia likiwa gumu. Kisha kukaja kuwashwa, mwasho usio na upele, wa ndani kabisa, niliokuwa nikiukuna kwa kijiko cha mbao. Harufu ya kitunguu kikikaangwa ikanishinda. Mwisho macho yakawa ya njano, na hapo hata mimi niliyesoma chuo kikuu nikaelewa kwamba hiyo si nidhamu.

Hospitalini Korogwe walinipaka ile jeli baridi na kunipitishia kile kifaa tumboni. Mpimaji alikuwa akiongea na mwenzake habari za harusi. Ghafla akaacha kuongea, akarudisha kifaa mahali pamoja, akarudia, akarudia tena. Kama hujawahi kulala pale, nikuambie: mpimaji anayepiga soga ni neema ya Mungu. Akinyamaza, vaa viatu vyako ukiwa umejiandaa.

Nikapewa rufaa ya Dar es Salaam. Kabla hata sijapanda basi mtaa mzima ulishauliza swali moja. Ini? Kwani alikuwa anakunywa? Mimi ambaye kitu kikali kuliko vyote nilichowahi kunywa ni chai ya tangawizi ya shemeji yangu. Niliwahi kuandika makala nikiwasihi watu wasiwahukumu wagonjwa, makala yenye maneno mazuri sana. Nadhani niliisoma peke yangu.

Dar walinikata kipande cha ini kiangazi kile. Sitaeleza walivyofanya, sikuwepo, kwa maana ya kuwa macho. Nitaeleza benchi. Benchi la kliniki ile lina mahali palipobonyea katikati, na anayekaa pale hupewa pole na wote, maana mgongo humwuma zaidi ya ugonjwa. Hapo ndipo nilipomfahamu mama mmoja wa Dindira, mchuma chai, aliyepasuliwa kwa ugonjwa kama wangu. Alipoona natafuta pa kuegemea alivua mtandio wake, akaukunja, akaniwekea mgongoni.

"Egemea, mwenzangu," alisema. "Huku bondeni mabenchi yenu kama mmeyachongea adui."

"Hapa si kwetu, mama. Mimi wa Korogwe."

"Korogwe ni bondeni pia. Kwetu milimani mtu akiugua analazwa kwenye baridi, anapona kwa kukasirika."

Tulicheka mpaka mishono ikatuuma, kisha tukalaumiana kwa kuchekeshana.

Upasuaji uliniachia kovu linalopinda chini ya mbavu kama mpini wa mwavuli, na kipande changu kikatunzwa. Daktari, kijana mpole mwenye miwani, alinieleza kwamba upo utafiti. Kipande kingepelekwa nje ya nchi kusomwa jeni. Alinieleza kwa lugha nyepesi na namshukuru kwa hilo: ndani ya kila chembe ya mwili kuna maagizo mengi, mengine yanasomwa kwa sauti na mengine yamenyamaza, na katika uvimbe yapo ambayo yakipiga kelele pamoja huashiria kwamba ugonjwa una haraka ya kurudi. Kwa kusikiliza kelele hizo wanaweza kukisia ni wagonjwa gani wataishi muda mrefu na wepi wataishi muda mfupi. Nikakubali. Niliona fahari kidogo, nikidhani hatimaye kitu changu kinasomwa ng'ambo.

Sasa niwaelezee Mjomba, maana bila yeye hamtaelewa kunde.

Mjomba Athumani ni kaka wa mama yangu. Kwetu Wazigua mjomba si mtu wa kuletewa salamu tu. Ndiye mwenye sauti juu ya watoto wa dada yake, hata kama mtoto huyo ana shahada na nywele nyeupe. Alifanya kazi maisha yake yote kwenye shamba la mkonge huko Ngombezi. Alianza kwa kukata majani, akapelekwa korona, kwenye mashine ya kuchambua nyuzi, akamalizia chumba cha madaraja, mahali ambapo singa za katani huletwa zikiwa zimekauka na kupigwa brashi. Kazi yake ilikuwa kushika fungu, kulinyoosha, kutazama urefu na weupe wake, kisha kulitupa kwenye daraja lake. Baada ya hapo katani hugandamizwa kuwa marobota, robota hufungwa, hupigwa chapa ya daraja, na huenda bandarini Tanga. Mjomba alipenda kutusimulia kwamba katika miaka yake yote hakuna robota lake lililowahi kurudishwa.

Mwalimu wangu wa hesabu alikuwa na wanafunzi wa kuwafundisha, kwa hiyo siku ya majibu Mjomba ndiye aliyenisindikiza Dar. Dawa zilikuwa zimenilegeza. Nililala kwenye benchi, kichwa juu ya mtandio alioniachia mama wa Dindira. Daktari alitoka chumbani kwake, akaniona nimelala, akauliza kwa sauti ya adabu: "Msemaji wa familia ni nani?"

Mjomba akasimama. Ukiuliza hivyo kwetu, lazima mtu asimame. Ni swali ambalo sisi tumezoea kulisikia msibani, pale anapotafutwa mtu wa kuwashukuru waombolezaji.

Waliongea ukumbini, hatua chache kutoka kichwani pangu. Nilipoamka Mjomba alikuwa ameshika chupa ya maji. "Daktari anasema nini, Mjomba?" "Anasema upumzike, mwanangu." Akanifungulia kizibo mwenyewe. Mjomba hajawahi kunifungulia kitu tangu nizaliwe, na mimi, mwandishi mchunguzi wa tabia za binadamu, nikanywa maji na kusema asante.

Kilichofuata nakisimulia kwa hasira, msinisamehe.

Watu walianza kunisamehe mimi. Binamu yangu tuliyenuniana tangu msiba wa mama alikuja na kuku, akaniomba radhi kwa kosa nililomkosea mimi. Wajukuu wa jirani walikatazwa kupiga kelele upande wetu. Baba Salma, ambaye kila jioni hubishana nami kuhusu taarifa ya habari, akaacha kubisha. Nilisema jambo la kipuuzi kabisa kuhusu bei ya sukari, kwa makusudi, na akajibu, "Labda, mama." Nilimtazama kwa mashaka. Nikafikiri ana mwanamke mwingine. Natamani angekuwa naye. Kwa hilo ningejua la kufanya.

Siku yangu ya kliniki ikafika. Wakaniambia mashine ya picha ya Dar imeharibika, tungoje tupigiwe simu. Niliamini. Ndugu msomaji, angalia uongo ulivyokuwa mzuri: hakuna Mtanzania mwenye akili timamu ambaye angeuliza swali la pili. Wiki zikapita. Mvua zikaanza. Niliendelea kungoja mashine ipone, nikaiombea hata dua, wakati mashine ilikuwa nzima na mimi ndiye niliyepaswa kuwa chini yake.

Ndipo nikataka kwenda Mkata kuona muhogo wangu.

Kutoka shambani sikurudi nyumbani. Nilimwambia Baba Salma tupite Ngombezi. Basi lilipokaribia Korogwe akanigeukia. "Nilitaka kukwambia kila siku," alisema. "Kila asubuhi nilikuwa naianza sentensi."

"Na ukaishia wapi?"

"Kwenye jina lako."

Nilikuwa nimekasirika, na niliona kwamba nikimjibu nitamhurumia, na hasira ile nilikuwa naihitaji kwa ajili ya mtu mwingine.

Mjomba tulimkuta mbele ya nyumba yake, si mbali na kambi za wakata mkonge, anasuka kamba. Anasuka kamba kila anapokuwa na wasiwasi.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Mbona umetoka? Si ungepumzika."

"Nimeona kunde."

Mikono yake ikasimama. "Zimeshika vizuri?"

"Zimeshika vizuri sana. Mjomba, daktari alikwambia nini?"

Alimtazama Baba Salma, akatazama barabarani, akaona hakuna msaada unaokuja kutoka upande wowote. "Alisema kile kipande kimesomwa huko ng'ambo. Wanavipanga kwa makundi. Kuna kundi zuri, na kuna kundi baya. Wewe..." Akashusha sauti. "Wewe uko la chini, mwanangu. Daraja la mwisho."

"Ukaamua usiniambie."

"Nikuambie ili iweje? Ulale hulali? Mimi hiyo kazi naijua. Ukishalipanga fungu umelipanga. Robota likifungwa hakuna wa kulifungua aanze kubembeleza singa moja moja. Nikasema basi, mtoto asiteswe na mabasi na sindano. Ale kinachowahi kukomaa, aonane na ndugu zake, apumzike."

"Mimi ni robota, Mjomba?"

"Sijasema hivyo."

"Nijibu. Mimi ni robota?"

Baba Salma akafanya kitu ambacho sitakisahau: akahama alipokuwa amesimama katikati yetu, akaja upande wangu.

"Kuna kingine alichosema?" nikauliza. "Mjomba, nakuomba ukumbuke. Baada ya kusema kundi la chini, aliendelea kusema?"

Alifikiri. Sikuwahi kumwona akifikiri hivyo, paji la uso lote likishiriki. "Alisema... kwa sababu hiyo uwe unaletwa mapema. Upigwe picha kila baada ya muda mfupi, kuliko wengine. Kwamba uvimbe ukirudi ukiwa mdogo wanauweza. Alirudia hilo. Mimi nikaona ananifariji tu. Si ndivyo wanavyosema madaktari kumaliza maneno?"

Nilikaa chini, pale pale kwenye vumbi na vipande vya kamba. Yaani kile kipimo chote, safari ya kipande changu kuvuka bahari, mashine zao zote za kusikiliza jeni, vilikuwa na maana moja tu kwangu: huyu mtazameni kwa karibu zaidi. Na ndugu zangu kwa upendo wao mkubwa walisikia: huyu mwacheni.

Sikupiga kelele. Ningependa kuandika kwamba nilisema maneno makali ya kukumbukwa. Nilisema, "Mjomba, nina kiu," na mzee wa watu akakimbia ndani kuleta maji, na safari hii kizibo nilifungua mwenyewe.

Kesho yake tukaenda Dar, wote watatu, bila ahadi wala rufaa mpya. Kwenye benchi niliulizia mama wa Dindira. Nesi akanishika bega. Alikuwa amefariki. Yeye naye alikuwa kwenye utafiti ule, na kwake majibu yalikuwa mazuri: kundi la juu, la watu wa kuishi muda mrefu. Alipongezwa. Ulimchukua ugonjwa mwingine wa ghafla ambao haukuwa na habari na kundi lake. Mtandio wake ulikuwa bado kwangu, ndani ya mkoba, umefuliwa na kupigwa pasi kwa ajili ya kumrudishia.

Niliingia kwa daktari nikiwa na mtandio ule mkononi.

"Mama, karibu," alisema. "Tulikusubiri sana. Tulipiga simu ya mzee, akasema mmeamua mpumzike."

"Nani aliamua?"

Akamtazama Mjomba. Mjomba akamtazama mume wangu. Ukumbini kule daktari na Mjomba walikuwa na sauti.

"Daktari, ini lilikuwa la nani?"

"Lako, mama."

"Jeni zilikuwa za nani?"

"Zako. Lakini elewa, desturi zetu... ulikuwa umelala, na habari kama hii mara nyingi tunaanza na familia."

"Nilikuwa nimelala, sijafa. Ungeniamsha. Mbona kwa sindano mnaniamsha?"

Nesi aliyekuwa mlangoni akageuka ukutani. Mabega yalikuwa yanacheka. Daktari alivua miwani. Sikumwacha. Nilimwuliza hao wa kundi langu ni akina nani. Akasema ni wagonjwa wa nchi za mbali waliosomwa zamani, wakafuatiliwa hadi mwisho wao, na kundi hilo kwa jumla lilikuwa na maisha mafupi. Kwa jumla, alisisitiza. Ndani yake wapo walioishi sana. Nikamwuliza, katika hao, wa Mkata wangapi? Alicheka, kisha akaacha kucheka, akasema, "Hakuna, mama. Wa Afrika yenyewe ni wachache mno." Akaongeza, taratibu, kwamba ndiyo maana walichukua kipande changu.

Nilimheshimu kwa jibu hilo. Hasira haikuisha. Unaweza kuwa na vyote viwili. Nilikaa navyo kwenye basi moja hadi Korogwe.

Picha ilipigwa siku ile ile. Ilikuwepo alama mpya, ndogo, pembeni mwa sehemu iliyokatwa. Ugonjwa ulikuwa umerudi kama jeni zilivyonong'ona, na ulikuwa umepewa wiki zote zile bila mtu wa kuuangalia, huku sisi tukiiombea mashine nzima. "Tumewahi," alisema daktari. Kisha, kwa kuwa sasa alikuwa anaongea na mimi, akamaliza ukweli wake: "Tungeweza kuwahi zaidi."

Walinichoma uvimbe kwa sindano ndefu ya kuunguza, kipupwe kinaanza. Nilitetemeka siku kadhaa kwa homa, nywele zikawa nyepesi, miguu ikawa ya korongo. Baba Salma alinipikia uji na akabishana nami kuhusu chumvi, na ubishi ule ulinipa nguvu kuliko uji.

Kwa hiyo wewe wa benchini: wakikupima ili kukisia utaishi kiasi gani, uliza wanataka kufanya nini na jibu. Swali hilo ni kubwa kuliko "muda gani." Na kabla dawa hazijakulegeza, sema kwa sauti nani aambiwe, na sema kwamba ukiwa umelala uamshwe. Wewe ndugu wa chupa ya maji, ukisikia nusu ya kwanza ya habari na masikio yakaziba, mwombe daktari arudie nusu ya pili, au mlete mwenye ini. Na nyinyi madaktari mnaosikiliza jeni kutoka ng'ambo ya bahari, sisi tupo hapa hapa, mkono wenu unatufikia, mna haja gani ya kupitia kwa mjomba?

Kunde tulizila. Zilikuwa tamu, nakiri kwa uchungu. Vuli ilipoingia nikamwambia Mama Shani ang'oe mabaki yote na apande muhogo shamba zima. Asubuhi ya kupanda alitokea mtu kwenye bodaboda amekumbatia mzigo wa miti ya muhogo kama mtu anayepeleka fimbo za ushahidi mahakamani. Mjomba. Hakusema pole wala samahani. Wa rika lake hawana maneno hayo kwa mpwa. Aliinama akaanza kukata pingili.

Tangu hapo nimekwenda kliniki kiangazi na masika, sasa ni mwaka wa pili. Wameniona safi, mara moja wakatilia shaka, wakaniona safi tena. Siku moja daktari mgeni alitoka na swali lile lile la msemaji wa familia. Mjomba, aliyekuwa pembeni yangu, alikaa kimya hadi daktari akauliza tena, kisha akanielekeza kwa kidevu. "Muulize huyo. Ana maneno mengi."

Juzi tulikwenda Mkata kung'oa. Tulichelewa. Muhogo ulitakiwa kung'olewa zamani, lakini kila nilipopanga kwenda kulikuwa na safari ya Dar, au makala, au uvivu wa kawaida ambao nimefurahi kuupata tena. Mama Shani aliuchemsha kutwa nzima. Tukakaa chini kula. Baba Salma akasema umeiva, nikasema haujaiva, tukaendelea hivyo kwa muda. Mjomba alitafuna kipande chake kwa bidii, akasimamisha taya, akaingiza vidole mdomoni na kutoa kifungu cha nyuzi, nyeupe na ndefu. Muhogo uliopitiliza muda wake ardhini hugeuka hivyo.

Kwa mazoea ya mikono alizinyoosha nyuzi zile kati ya vidole, akaziinua kwenye mwanga.

"Daraja gani hiyo, Mjomba?" nikamwuliza.

Alizitazama kidogo, akazitupia kuku.

"Mimi nimestaafu," alisema. "Nipe kipande kingine."